Unga wa Gunia la Taji

Zama hizo wanyama walipokula kwa macho kabla ya mdomo, Tumbili ndiye aliyekuwa bingwa wa kuchagua. Nungunungu akimpelekea ugali wa mtama alioulima mwenyewe, anabetua midomo.

"Huo wape kuku, jirani. Mimi nala mtama wa ng'ambo ya mto, ule wa gunia lenye picha ya taji."

Kijiji kizima kikamwiga, na mtama wa Nungunungu ukabaki ghalani ukiliwa na fukusi.

Nungunungu hakubishana. Aliokota magunia ya taji jalalani, akayakung'uta, akayajaza unga wa mtama wake na kuyapeleka sokoni. Wakayagombania hadi wakang'oana manyoya!

Masika yakaja na mafuriko, daraja likazolewa. Siku ya kumi, kijiji kikila pamoja, Tumbili akiwa na tonge shavuni, akashtuka.

"We Nungunungu! Daraja halipo. Unga huu umevukaje?"

"Haujavuka hata siku moja, bwana. Unatoka shambani kwangu, pale unapopitaga umeziba pua."

Wote wakamkodolea macho Tumbili. Akatafuna, akameza, akasogeza sahani aongezewe.

"Nilijua tu," akasema. "Ule wa ng'ambo haujawahi kuwa mtamu hivi."