Maoni ya Semeni

Kila nyumba ilifungwa chombo cha kusikiliza, na lolote lililosemwa karibu nacho lilihesabiwa kuwa maoni ya mwananchi kuhusu kanuni mpya za serikali. Siku moja Semeni, akifua mashuka ya mama mkwe wake aliyepooza, alilalamika kwa uchovu: "Wagonjwa hawa si serikali iwachukue tu!"

Kumbe nyumba nyingi zilikuwa zimesema hivyo hivyo. Kanuni ya kuwachukua wagonjwa ikapita, gari likaja.

"Mama haendi popote," Semeni alisema, amemkumbatia.

Ofisa aliinamisha kichwa. "Dada yangu, hata mama yangu walimchukua. Kataa kwa sauti. Mkikataa wengi, kanuni itafutwa."

Semeni akakataa, akarudia, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mtaa mzima ulikuwa kimya.