Mlingoti wa Baba Chini ya Daraja la Kwanza

Ramani mpya ya anga ilipotoka, Mama aliniletea nimsomee. Nimeishia darasa la saba, ila madaraja ya anga nayajua. Daraja la kwanza, la magari yarukayo ya wakubwa, lilikuwa limeshushwa tena. Juu ya uwanja wetu sasa linaanzia mita sita.

"Droni ya insulini yangu itapita?" Mama aliuliza.

"Itapita chini yake. Ila nyumba yenye kitu kinachopenya hilo daraja, droni haitui."

Akautazama mti wa mlingoti aliouotesha Baba, ambao tulimzika chini yake.

"Mwaka juzi tulimnyoa nywele, mwaka jana tukamkata mabega. Leo atabaki nini, Subilaga?"

"Kisiki, Mama."

Alicheka kidogo, kisha akajifuta macho kwa kanga. "Basi kaazime msumeno kwa jirani Mwakatundu. Angalau dawa itafika, nami nitabaki hapa naye."

Nikaikunja ramani haraka. Pembeni, kwa herufi ndogo, waliandika kwamba mwakani daraja hilo litaanzia mita nne. Paa la nyumba yetu limefika mita tano.

Hapo sikumsomea. Nikaenda kuazima msumeno.