Jalada la Maua ya Njano

"Vita vyote vile vya wenyewe kwa wenyewe, mimi sikumkimbia mtu!" alitamba Mbwiga, kapteni mstaafu, akifungua shajara yake ya vitani mbele ya wageni waliokuja kumposa binti yake.

Semeni, binti mwenyewe, alitamani kumpokonya. Chai imepoa, mshenga anasinzia, na baba ndiyo kwanza yuko ukurasa wa pili, peke yake darajani, maadui wakidondoka kama kumbikumbi.

"Baba, wageni wanasubiri jibu."

"Hebu nyamaza, hapa ndipo penye utamu!"

Bi Siwema, bibi yake mposaji, wala hakuwa akisikiliza. Alikikodolea macho kitambaa cha maua ya njano kilichofunika jalada la shajara.

"Baba Semeni," alisema taratibu, "kuna askari alijificha ndani ya kihenge changu, analia kama mbuzi. Nikamvika gauni langu, ndipo akapenya katikati ya maadui zake. Gauni lenyewe lilikuwa na maua hayohayo."

Mshenga akazinduka.

"Haya, baba," Semeni alishusha pumzi, "wape basi jibu."

Kapteni aliifunika shajara kwa viganja vyote viwili, lakini maua yakachungulia katikati ya vidole.