Hereni za Nyanjige

Bujiku aligoma kukaa. Mtu aliyekuja kumsalimia mkewe hakai kabla ya kusalimia.

“Mwangaluka, mama Esteria,” alisema, akiinama kwenye kidirisha cha kioo. Akasubiri. Kisha, kama kila Alhamisi akitoka kijijini Kasoli, akampa Rahel mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa.

“Yeye hawezi kula. Kula wewe, mwanangu.”

Rahel wa maabara aliupokea kwa mikono miwili. Miaka miwili mzee huyu hajaruhusiwa kumgusa mkewe hata kwa kidole. Nyuma ya kioo joto halibadilishwi, usafi ni wa hali ya juu, na hakuna anayegusa bila glovu. Maskini, wala hajawahi kulalamika.

“Siku yenyewe ndiyo leo, baba. Tumempa chembechembe za dhahabu, ndogo hazionekani kwa macho. Zimeingia kwenye saratani yenyewe. Tazama kwenye skrini, kila doa la kijani ni seli iliyo hai.”

Skrini nzima ilikuwa inang'aa kijani.

“Dhahabu!” Bujiku alicheka, machozi yakimlenga. “Amenidai hereni za dhahabu tangu ujana wetu. Leo kazipata!”

“Tukizimulika kwa taa nyekundu, zitapata moto ziunguze saratani yote. Tusipowasha, atabaki alivyo. Ukisema hapana, baba, tunaacha. Hakuna atakayekulaumu.”

Nje, kwenye benchi, alikaa binti yao Esteria, mkono kifuani, palepale uvimbe wa mama yake ulipoanzia, na sasa wake. Daktari hakumficha mzee: dawa ikishindwa kwa mama, haitamfikia binti.

Bujiku aliuma mdomo. Alimpenda huyu mwanamke kuliko ng'ombe wote aliowatoa mahari, na hata alipokuwa mzima hakuwahi kumwambia.

“Washa,” alisema.

Taa iliwaka dakika kumi. Hakubandua macho kwenye skrini. Madoa ya kijani yalizimika moja moja, yakabaki matatu, likabaki moja. Likazimika.

“Imefanya kazi,” Rahel alisema. “Nenda kamwambie Esteria, baba.”

Mzee hakwenda. Alivua kofia yake taratibu.

Siku walipomzika mkewe Nyanjige kule Kasoli, miaka miwili iliyopita, hakulia, kwa sababu seli za uvimbe wake zilikuwa bado hai kwenye kisahani cha Rahel. Leo alilia.