Mpangaji wa Tatu

Mashine ilisema tena kwamba ndani ya kuvumwani kuna mtu.

"Shangazi, umeipigia chafya tena!" Losa alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Au safari hii umeibusu kabisa?"

"Niibusu kwa mdomo upi? Nimenawa mpaka viwikoni, nimejifunga uso kama mwizi," Ripeka alijibu. "Rudia."

"Nirudie mpaka lini? Mashine haina haya, shangazi. Haiwezi kusema uongo ili ikufurahishe."

Pale maabara, mjini Dunedin, Losa alikuwa na kitendawili chake cha kuwategea wageni: nyumba yangu ina wapangaji wawili, mmoja fundi, mwingine mpishi. Jibu lake ni kuvumwani, ule ukoga mkavu unaotambaa juu ya mawe na magome ya miti. Kuvu hujenga nyumba, mwani humo ndani hupika chakula kwa jua, na wawili hao huzeeka pamoja bila kugombana. Basi mashine ya kusoma vinasaba ilitakiwa iwaone hao wawili tu. Nyumba hii ilikuwa na mpangaji wa tatu, na mpangaji huyo alikuwa binadamu.

Kuvumwani yenyewe aliileta Fergus, mzee asiyechoka milima, kutoka vilele vya kisiwa cha Rakiura. Kwa macho ilikuwa ya kijivu tu, ya kupitwa na kila mtu. Vinasaba ndivyo vilivyoshangaza. Havikufanana na vya kuvumwani yoyote inayojulikana. Ilikuwa spishi mpya.

Jambo moja tu halikuingia akilini. Ndugu zake wa mbali wote hupenda kuota penye chokaa, na vile vilele ni mwamba mgumu mtupu, chokaa hupati hata ya kujaza kijiko.

"Mzee wewe, hii uliitoa wapi?" Ripeka alimwuliza Fergus kwenye simu.

"Chini ya jabali, dada, juu ya kijiwe cheupe kilichobanwa kwenye ufa. Mvua ilikuwa inanichapa, nikavunja kipande nikakimbia. Ukitaka kujua chokaa ilifikaje huko, muulize Mungu."

Kipande chenyewe kilienea kiganjani, chepesi, na kuvumwani ilikuwa imekifunika karibu chote.

Ripeka hakuumiza kichwa na habari ya chokaa. Alichokitaka yeye ni jina. Fergus, aliyestahili kuichagulia spishi jina, alikuwa amemwachia. "Mimi nina wajukuu wengi," alisema, "nikimpa mmoja nitawapiganisha. Chagua wewe."

Ripeka alichagua Kereama, jina la mwanawe.

Rakiura kilikuwa kisiwa cha wazee wa Ripeka. Kereama alijifunza kukwea miamba kule, nyuma ya babu yake. Kisha akakua, akaacha chuo, na mama yake akamtolea maneno ambayo ukishayasema huna pa kuyaficha: kwamba anamtia baba yake aibu huko kaburini aliko, na asimrudie mpaka awe mtu. Kereama alibeba mfuko wake, akasema anakwenda Australia, machimboni, kama walivyokwenda vijana wengi wa Bluff, mji wao wa bandari. Hiyo ilikuwa miaka tisa nyuma.

Simu yake haikupokelewa tena. Binamu mmoja alisema amemwona Perth, huko huko Australia, kanenepa, kafuga ndevu. Mwingine akasema, la, yuko Kalgoorlie, ana mke.

"Amekasirika tu," Ripeka aliwaambia watu. "Hasira za kwetu huchelewa kupoa." Na kila msimu wa kuwinda ndege wa tītī alimwekea wake kwenye friza, waliotiwa chumvi vizuri.

"Spishi ikitangazwa, magazeti yataandika," alimwambia Losa. "Na Perth magazeti yanafika. Ataliona jina lake. Atajua mama yake ameomba radhi mbele ya dunia nzima."

"Atakuja, shangazi. Atakuja na huyo mke, na watoto wakutie kelele." Losa alimsogezea kichupa. "Lakini hakuna atakayeipokea spishi yenye mate ya mtu. Tema humu. Nikijua ni wewe, nitakuondoa, tubaki na kuvumwani tupu. Na Fergus nimemwambia atume yake. Kwa ile midevu, huyo ndiye mshukiwa wangu wa kwanza."

Wakacheka wote wawili. Ripeka akatema.

Majibu yalipotoka, Losa aliingia ofisini kwa Ripeka bila mzaha wowote, akafunga mlango nyuma yake.

"Ni Fergus, eti?" Ripeka alitabasamu. "Nilijua. Zile ndevu zinamwagika kila mahali."

"Si Fergus."

"Basi ni mimi. Niondoe humo, mwanangu, tuandike."

"Si wewe, shangazi." Losa alivuta kiti lakini hakukaa. "Nilikwangua pembeni, pale ambapo kuvumwani haijafika. Nikapima kijiwe peke yake. Yule mtu hakukigusa kijiwe. Yule mtu ndicho kijiwe chenyewe. Ni mfupa."

Ripeka alilivuta karibu kasha la kile kijiwe, lililokuwa mezani.

"Ni mwanamume," Losa alisema. "Nusu yake ni wewe."

Ripeka alikitoa kile kipande cheupe kwenye kasha lake, akaketi nacho sakafuni, akakipakata.