Tableti za Werugha

Mbuzi alikuwa ameshatafuna kona moja ya kava kabla Kiema hajamfukuza. Ilikuwa tableti ndogo ya aina mpya, inayoenea kwenye mfuko wa koti, ya kwanza kufika Voi, na kava yake ilikuwa ya waridi. Kiema aliipangusa mate, akairudisha kwenye kioo cha duka lake la simu, kisha akapunguza bei.

Aliyeinunua alikuwa Mzee Festus wa Werugha, ambaye alishuka mjini kutafuta misumari.

"Elfu nane," Kiema alimwambia. "Na meno ya mbuzi sikulipishi."

"Mbuzi angekuwa wangu, wewe ndiye ungelipa," alisema Mzee Festus. "Hiyo plastiki itamsumbua tumbo."

Akalipa, akaipeleka milimani.

Baada ya wiki mbili Wakio, ambaye huteremsha kabeji kutoka Werugha, aliingia kununua chaja. Akaangalia kioo kilichobaki kitupu.

"Zile tableti ndogo ni kitu," alisema. "Mimi nilinunua Jumapili. Elfu kumi na mbili."

Kiema aliacha kufunga chaja. "Kumi na mbili? Iko wapi niione?"

"Sikukaa nayo, kaka. Iliondoka palepale."

Siku chache baadaye akaja Donald, dereva wa gari la maziwa la hukohuko Werugha. Yeye alikuwa ametoa kumi na nne. Jumapili iliyofuata jirani yake, Susan, akatoa kumi na tano.

"Na yako iko wapi?" Kiema alimwuliza Susan alipopita dukani.

"Nikae nayo ya nini?"

"Lakini inasaidia?"

"Sana. Mwaka huu hata mvua hatuiogopi."

Kiema alilala na maneno hayo, akaamka ameyaelewa. Wale ni wakulima wa mboga. Bila shaka walikuwa wakisoma hali ya hewa kwenye tableti. Tena walikuwa wajanja: mtu ananunua, anamuuzia jirani kwa faida, kisha anatafuta nyingine. Na bei ilikuwa inapanda kila Jumapili huku yeye ameketi Voi na kioo kitupu.

Mwagizaji wa Mombasa hakuuza moja moja. Aliuza katoni nzima, na alitaka pesa kabla ya mzigo. Kitu pekee cha thamani hiyo nyumbani kwa Kiema kilikuwa na miguu minne, na kilikuwa mali ya mkewe.

"Ng'ombe wangu anatoa maziwa asubuhi na jioni," alisema Kasiva. "Hiyo yako inatoa nini?"

"Faida."

"Ya rangi gani?"

"Kasiva, atarudi. Tena atarudi na ndama."

"Sawa, Baba Makau. Asiporudi, nitakukamua wewe."

Ng'ombe akaenda, katoni ikaja. Kiema alipanga tableti kwenye kioo na kubandika elfu kumi na sita. Watu wa Voi walisimama, wakasoma bei, wakaendelea na safari zao. Dereva mmoja wa lori aliyetoka Maungu aliuliza kama kwa bei hiyo inapika na chai. Kiema akashusha hadi kumi na nne, kisha kumi na mbili. Kioo kilibaki kimejaa.

 Nyumbani, kila asubuhi Kasiva alimwekea kikombe cha chai na, kando yake, pakiti tupu ya maziwa ya duka.

Hatimaye Wakio akapita na magunia yake ya kabeji. Kiema alimkimbilia hadi barabarani.

"Dada, zimefika. Chagua."

"Ni nzuri," alisema Wakio, bila kusimama. "Lakini za nini?"

"Si wewe hununua?"

"Hununua. Na Jumapili nikijaliwa nitanunua tena. Lakini si hapa kwako, jamani."

Hapo Kiema akaona shida yake. Huko juu kulikuwa na mtu. Mfanyabiashara fulani wa Jumapili, asiye na duka wala leseni, alikuwa amelishika soko lote la milimani, na watu walimpenda kuliko bei nafuu. Dawa yake ilikuwa moja: kumfuata hapohapo anapouzia na kumvunjia bei mbele ya wateja wake.

Jumapili iliyofuata Kiema alifunga duka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwa Pasaka. Akafunga katoni nyuma ya pikipiki, akapanda Mwatate, akapita Wundanyi, akazidi kupanda hadi ukungu ukamlowesha nyusi.

Werugha aliisikia kabla ya kuiona.

"Kumi na saba! Kumi na saba na nusu kwa yule mama! Nani ananiongezea?"

Umati ulikuwa umempa mgongo. Wengine waliketi juu ya marundo ya mabati mapya, shingo ndefu, mikono juu. Kiema hakuwahi kuona wateja wa namna hii maishani. Akilini alimwona ng'ombe wa Kasiva akirudi, na ndama nyuma yake. Akaiweka katoni begani na kujipenyeza.

"Samahani. Mzigo. Samahani, mama."

Akatokea mbele. Kwenye mlango wa kanisa lililoezekwa nusu alisimama Mzee Festus, ameinua juu tableti yenye kava ya waridi iliyotafunwa kona.

"Dada Wakio ametoa kumi na nane," alitangaza, "na kama kawaida yetu anamrudishia Bwana, tuiuze tena."

Makofi yalipokuwa yakilia, mama mmoja wa kamati ya ujenzi aliiteremsha katoni kutoka begani mwa Kiema kwa upole, akachungulia ndani, akafumba macho kumshukuru Mungu.

"Ndugu mgeni," alisema, "umetumalizia paa."