Shujaa wa Saumu

Elkana Toledano alikuwa amejikunja chini ya ngazi za sinagogi, mfuko wa keki ya asali mapajani, akiomba mkewe asimwone.

Ndani, watu waliovaa nyeupe walikuwa wakijipiga vifua na kuungama. Ilikuwa Siku ya Upatanisho, na katika mji mzima wa Safed hapakuwa na gari lililonguruma wala jiko lililowashwa.

"Hongera, mzee," alijisemea kimoyomoyo. "Umepata wajukuu, umeota mvi hadi masikioni, na bado unajificha kama paka aliyeiba samaki."

Jasho lilimtoka. Mikono ilimtetemeka. Harufu ya asali ilimpanda puani, akaugeuza uso, kisha akaurudisha.

Jirani yake Nissim alikuwa ametoka kupunga upepo. Akamwona, akauona na mfuko.

"Loo! Shujaa wa saumu!" alicheka. "Si wewe unayetusimanga kila mwaka, sisi tunaosinzia kwa njaa?"

"Ndiye mimi. Cheka tu, nimekwisha. Ila nakuomba, ndugu yangu, Mazal asijue."

"Unamwogopa mkeo kuliko Mungu?"

"Mungu anasamehe."

Nissim alirudi ndani akitikisa kichwa, na mdomo wake haukujua kutunza kitu. Punde Mazal akashuka mbio kutoka upande wa wanawake, Rabi Dahan akimfuata, shali yake ya sala ikiburuta nyuma.

Elkana alijaribu kusimama, miguu ikagoma. Akaona heri aaibike akiwa ameketi.

"Elkana," rabi alisema taratibu, "usinidanganye siku kama ya leo. Umekula mara ngapi tangu asubuhi?"

Elkana alitazama raba zake. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Hata mara moja, Rabi."

"Nilijua!" Mazal akaangua kilio. "Daktari kamwambia akifunga, sukari itamuua! Wewe mwenyewe, Rabi, ukamwamuru ale, mimi nikamfungia keki, kumbe anakuja kukaa nayo huku na saumu yake!"

Rabi Dahan alichuchumaa, akamega kipande, akamsogezea mdomoni.

"Meza kwanza," akasema. "Halafu uingie ndani ukatubu."